Unasali Ngapi?

Bibi yangu hakuniuliza hata siku moja nitarudi lini. Wengine wote waliuliza: mama, shangazi, jirani muuza halua, hata dereva wa teksi aliyenipeleka uwanja wa ndege. Bibi alikuwa na swali lake. Kila Ijumaa nikipiga simu kwetu Ibra, Oman, tukishamaliza shikamoo na marahaba, habari za goti lake na habari za mbuzi wa jirani wanaomlia mrehani wake, ananyamaza kidogo, halafu ananiuliza, "Mjukuu wangu, unasali ngapi?"

"Mbili, bibi."

"Mbili khasa?"

"Mbili khasa, wallahi."

"Haya. Alhamdulillahi." Na hapo mazungumzo yetu yamekwisha, maana alichokitaka keshakipata.

Asiyetujua ataona tuna wazimu, kwa hivyo nieleze. Mtu akisafiri akatoka mbali na kwao, zile sala za rakaa nne anazisali mbili. Hilo Waislamu wote wanalo. Lakini wenzetu wengi wakishakaa mahali siku kadhaa hurudi kwenye nne. Sisi Maibadhi wa Oman hatuhesabu siku. Msafiri ni msafiri hata akikaa miaka, mpaka atie nia moyoni mwake kwamba hapa sasa ndipo kwangu, hapa ni watani yangu, makao yangu. Siku hiyo ndiyo anaanza kusali nne. Baba yangu amefanya kazi Maskati umri wake wote, analala huko Jumapili mpaka Alkhamisi, na huko anasali mbili. Akirudi Ibra anasali nne. Basi bibi akiniuliza nasali ngapi alikuwa ananiuliza, bado wewe ni wetu?

Mimi nilikuwa Ujerumani, mji mdogo wa kaskazini, wenye mto wa rangi ya chai na mvua isiyokuwa na haya. Nilikwenda kusoma maji ya chini ya ardhi. Mtu wa Ibra, kwetu tunakogawana kwa zamu maji ya falaji, mfereji wa mji, kwenda kusoma maji katika nchi inayorowa mchana kutwa! Watu wa kwetu walicheka wee. Chumba changu kilikuwa ghorofa ya nne, kitanda na meza na dirisha moja lisilokuwa na pazia. Pazia sikununua kwa makusudi. Nilijiambia mwenye kununua pazia huyo kahamia. Sufuria moja, sahani moja, kijiko kimoja, basi. Jirani wa jengo la mbele alikuwa akiniona nikisali, na mimi nikimwona akipiga pasi, na tukikutana njiani hatusalimiani.

Msikiti ulikuwa nyuma ya duka la matairi. Waturuki ndio walioukodi, watu wema, kila Ijumaa wanapika supu ya adesi. Siku ya kwanza niliingia na furaha ya mtoto wa Idi, maana nilikuwa nimekaa siku nyingi sijamtolea mtu salamu nikajibiwa. Nikasimama safuni, tukahirimia, mikono yangu nimeiachia ubavuni kama tunavyosali sisi. Mzee aliyesimama karibu yangu, na yeye yumo ndani ya sala, akanyoosha mkono, akaishika mikono yangu, akaipandisha kifuani. Nikaishusha. Akaipandisha. Nikaishusha tena. Sijui Mungu alituandikia nini siku ile.

Tulipotoa salamu akaja kijana mmoja kwa adabu zake, akaniuliza kama mimi ni Shia. Nikamwambia la. Akaniuliza, basi Maliki? Nikamwambia la. Akatabasamu, akaniuliza kama nimesilimu karibuni. Lo! Mimi! Niliyehitimu Kurani meno ya utotoni bado yamo kinywani! Nina hasira za karibu, hilo kwetu wote wanalijua. Nilichukua viatu vyangu nikatoka bila ya kuigusa supu, nikatembea mvuani mpaka chumbani. Nilipofika hasira imekwisha, imebaki njaa. Nilikuwa nimejitayarisha kuwa mgeni kwa Wajerumani. Kuwa mgeni msikitini sikujitayarisha.

Nilirudi, maana pa kwenda pengine hapakuwa. Walinizoea na mikono yangu, wakaniacha. Nikisali na wao, nyuma ya imamu wao ambaye ni mkaazi wa mji, nilisali nne kama yeye. Ndiyo sheria, anayemfuata mkaazi humfuata mpaka mwisho. Nikiwa peke yangu chumbani, mbili. Na mbili zile, niseme kweli, ndizo zilizonilea mwaka ule wa kwanza. Kila nikitoa salamu mapema nilijiona kama mtu aliyekaa kituoni, mzigo umo miguuni, basi lake liko njiani linakuja.

Kiangazi nikarudi likizo. Baba alikuja kunipokea Maskati alfajiri, tukapita Fanja jua linachomoza nyuma ya mitende, na kabla ya saa nne za asubuhi nimekaa Ibra chini ya kiyoyozi, nimezungukwa. Chumba changu kilikuwa vile vile nilivyokiacha. Ufunguo wake anao bibi, kauning'iniza shingoni pamoja na hirizi yake ya zamani, na hakuna aliyeruhusiwa kuweka humo hata gunia la mchele.

Adhuhuri ilinipita msikitini kwa usingizi. Niliamka nyumba kimya, nikatawadha, nikaingia chumbani kwa bibi kusali, maana ndicho chumba chenye baridi kuliko vyote. Yeye kakaa kitandani na tasbihi yake. Nikasali. Nikasoma tahiyatu, nikatoa salamu, nikageuka, nikakuta ananitazama.

"Sala gani hiyo?"

"Adhuhuri, bibi."

"Ngapi?"

Hapo ndipo nilipotanabahi. Nilikuwa nimesali mbili. Ndani ya nyumba ya baba yangu, mji niliozaliwa, nimesali sala ya msafiri.

"Nimesahau," nikasema nikicheka. "Mazoea tu, bibi. Na usingizi."

"Umesahau nini? Umesahau kwenu?"

"Bibi, jamani!"

"Mwaka mmoja tu!" akasema. "Wenzako huchukua miaka kumi kusahau." Nikasimama haraka kuzirejea zote nne, na nikiwa nimesimama nikamsikia nyuma yangu, polepole, hata si kwa hasira, "Mkataa kwao mtumwa."

Chakula cha mchana nilifanya kosa la pili, nikahadithia. Niliona bora nicheke mimi kabla hawajanicheka. Mama akanitania, "Msafiri kafiri, lakini si mpaka nyumbani!" Dada yangu mdogo, ambaye Kiswahili chake nusu Kiarabu, akanifanyia mzaha siku zote za likizo. Kila nikisimama kusali ananiinulia vidole vinne kwa mbali. Bibi hakucheka. Alikuwa akinitilia samaki sahanini na hanitazami.

Niliporudi Ujerumani nikapiga simu Ijumaa ya kwanza. Shikamoo, marahaba, goti, mbuzi. Kisha ule ukimya wake. Nikatayarisha jibu langu. "Haya, mjukuu wangu," akasema, "Mungu akuhifadhi," akakata. Nilibaki na simu sikioni. Nikasema pengine amesahau, mtu mzima. Ijumaa ya pili vile vile. Ya tatu nikashindwa, nikamwambia mwenyewe, "Bibi, bado nasali mbili."

"Sikukuuliza," akasema.

Watu husema upweke ni kukosa watu. Mimi watu nilikuwa nao. Darasani tulikuwa wengi, maabara tulibanana, jiko la ghorofa yetu halikosi mtu anayekaanga yai. Nilichokosa ni mtu mmoja wa kuniuliza jambo ambalo wengine hawajui hata kama lipo. Wajerumani wakiniuliza, waliniuliza kama ngamia huuma. Waturuki waliniuliza mbona sisemi "Amin" baada ya Alhamdu. Nilijibu wote kwa uzuri. Halafu Ijumaa jioni nakaa kitandani, dirisha halina pazia, jirani anapiga pasi, nami namwonea wivu yule aliyekuwa mimi mwaka uliopita.

Nilisoma, nikamaliza, nikaendelea na masomo ya juu zaidi. Mwalimu wangu, bwana mmoja mrefu anayetafuna karoti mbichi huku anasahihisha kazi zetu, akaniita ofisini kwake akanambia kuna kazi. Si ya muda. Ya kukaa. Akaniuliza kama nataka wiki moja ya kufikiri.

Nilimjibu palepale, nataka. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Kazi niliipenda, hilo moja. Kazi yenyewe ni kujua maji yaliyofichika yako wapi na yanakwenda wapi, na nilikuwa naiweza. La pili sikumwambia mtu. Nilikuwa nimeshauzoea upweke wangu. Kwetu huwezi kufungua mlango bila ya mtu kukuuliza unakwenda wapi, na mimi nilikuwa nimeshapoteza ustadi wa kujibu. Nikirudi likizo nachoka baada ya siku tatu, nataka kukaa peke yangu, na nikishakaa peke yangu nawataka.

Jioni ile nilinunua pazia. La kijani, si zuri. Kesho yake mchana nikatandika msala nisali Adhuhuri, nikasimama, na nia ikanikataa. Nisali ngapi? Nikitia nia ya mbili, mbona nimepokea kazi ya kukaa? Nikitia nia ya nne, basi nimeshahama, tena nimehama peke yangu chumbani, hana habari mama, hana habari baba, hana habari yule mwenye ufunguo shingoni. Nilisimama mpaka miguu ikauma. Mwisho nikachukua koti nikakimbilia msikitini. Nyuma ya imamu ni nne, sina haja ya kuchagua.

Basi nikawa hivyo. Alfajiri na Magharibi hazina ugomvi, hizo hazikatwi. Lakini Adhuhuri, Alasiri na Isha, mvua ije theluji ije, mimi niko nyuma ya duka la matairi. Waturuki wakafurahi. Yule mzee aliyekuwa akinipandisha mikono akawa ananiwekea supu yangu kando, ananipigapiga bega, anawaambia wenziwe kijana ameongoka. Mimi namwambia inshaallah, naimeza haya yangu pamoja na supu.

Siku za mapumziko, ambapo sikuwa na kisingizio, nilikuwa napanda treni. Popote. Nikishatoka nje ya mji umbali wa kutosha mimi ni msafiri kwa vyovyote, nasali mbili bila ya kujihoji. Nimeiona Ujerumani yote ya kaskazini kwa sababu hiyo, na wenzangu kazini walidhani napenda kutalii. Siku moja nilisali mwisho wa jukwaa la kituo kimoja kidogo, nimetandika koti. Nilipotoa salamu nikamwona bibi mmoja wa Kijerumani amesimama kando ya begi langu, kaelekeza uso upande wa watu, mkoba wake kaushika mbele kwa mikono miwili. Akanambia hapa pana wezi, nikaona nikuangalilie. Treni yake ilikuwa imekuja ikaondoka, na yeye yuko pale. Nilimshukuru, nikaingia treni ya kurudi, na njia nzima nilikuwa nalia kama mjinga, maana alikuwa na urefu wa bibi yangu.

Nikajua haiwezekani kuendelea vile. Majira ya baridi nikaomba ruhusa nikaenda Ibra.

Ibra wakati huo ni raha, jua halichomi. Nilimkuta bibi uani kakalia mkeka, anachambua mchele kwenye ungo. Ndugu yangu anayenifuata alikuwa amechumbia, na nyumba nzima walikuwa wanazungumza vyumba: maharusi watakaa wapi. Vyumba vilikuwa vimejaa, ila kimoja, na hicho hakuna aliyethubutu kukitaja mbele ya bibi. Nikakaa karibu yake, nikaanza na mimi kutoa chuya.

"Bibi, mbona siku hizi huniulizi?"

"Nikuulize nini?"

"Unajua."

Akapepeta kidogo. "Nimeacha. Nilikuona kwa macho yangu siku ile. Nikajisemea, mtoto huyu nikizidi kumuuliza, iko siku atanidanganya. Na mimi sitaki kudanganywa."

"Mimi sikudanganyi, bibi."

"Hata mimi nilikuwa nikisema hivyo."

Nikamtazama. Bibi yangu ni mtu wa maneno mengi juu ya Unguja alikozaliwa: mikate ya mofa, mtaa wao, harufu ya kiwanda cha sabuni, yote nayajua. Lakini alichonihadithia siku ile nilikuwa sijapata kukisikia. Walipohama baada ya mapinduzi, yeye na babu, wakazunguka mpaka wakafika Ibra kwa wazee wa babu, mama yake bibi hakuhama. Alibaki kumuuguza ndugu yake. Alikuwa akimpelekea bibi kanda za redio, amejirikodi sauti yake, kila apatikanapo msafiri. Anamhadithia nani kazaa, nani kafa, na mwisho wa kila kanda anamuuliza, "Mwanangu, unasali ngapi?"

"Na wewe ukimjibu nini?"

"Mbili! Nilikuwa najifungia najirikodi, mbili, mama, mbili. Na babu yako tangu siku ya kwanza tulipoingia mji huu keshanambia, nne. Hapa ndipo kwetu. Mke hufuata watani ya mumewe, ungefanya nini? Nasali nne, nikimaliza nashika redio namwambia mama mbili." Akainua ungo, akauteremsha bila ya kupepeta. "Alikufa ananingoja. Walionizikia walikuja wakanambia, chumba changu kilikuwa kinafagiliwa mpaka siku ya mwisho. Kitanda kimetandikwa. Ningalimwambia nne, angalilia wiki moja, kisha angalimpa mtu kile chumba, akapumzika. Mimi nilimkosesha mapumziko."

Yeye akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Haya. Nakuuliza, na sitakuuliza tena. Unasali ngapi?"

"Nasali msikitini, bibi. Na jamaa."

"Sikukuuliza msikiti. Ukiwa peke yako."

Mama alikuwa jikoni, nasikia kinu. Nilifikiria kumwambia mbili. Lilikuwa neno jepesi, tena lilikuwa na nusu ya ukweli ndani yake, na angefurahi, na ningekula chakula changu cha mchana kwa amani. Niliutazama ufunguo wake shingoni.

"Nne, bibi."

Wallahi sijui kama ilikuwa kweli kabla sijaitamka. Nilipoitamka ikawa. Kwa hofu nikaongeza maneno. Nikamwambia masheikh wanaruhusu, mtu anaweza kuwa na watani mbili, huku nne na huku nne, hapa ni kwangu vile vile.

"Na kitovu?" akaniuliza. "Unavyo viwili?"

"Kimoja."

"Aa." Akanishika mkono, vidole vyake vina vumbi la mchele. "Ahsante, baba. Ahsante kwa kunambia." Alilia, nami nikalia, na mama akatoka jikoni akauliza kumefariki nani. Bibi akamwambia hapana aliyefariki, mwache kijana, ana usingizi wa safari. Kisha akauvua ule ufunguo kichwani, ukamnasa kidogo kwenye mtandio, akampa mama.

Ijumaa niliyorudi Ujerumani nilimpigia kama kawaida. Sauti yake ilikuwa nyepesi, ya mtu aliyelala vizuri. Akanipa habari za goti, akanipa habari za mbuzi, akanambia chumba kimeshapakwa rangi na maharusi wameingiza kabati lao. Nikamwambia mabruki. Akaniuliza kama huko kunanyesha. Nikamwambia kunanyesha. Akasema haya mjukuu wangu, Mungu akuhifadhi.

Wakati wa Alasiri ulikuwa umeingia. Sikwenda msikitini. Nilitandika msala chumbani, nikatia nia ya rakaa nne, nikasali mbili za mwanzo vizuri tu. Nilipoinuka kwa ya tatu nikashindwa kusoma, nikasimama nikilia.